Dena Gona na Kura Zilizokwama Mnarani

Wasifu wa marehemu Mzee Dena Gona Lewa, unaosomwa na dada yake, Bi. Dama Gona, nyumbani kwa marehemu, Kakuyuni, Jumamosi tarehe 22 Oktoba 1988.

Mchungaji wetu, wazee wetu shikamooni, nanyi majirani mlioacha kazi zenu mkaja kutusitiri. Aliyelala mbele yenu ni kaka yangu. Karatasi hii nimepewa niiandike na niisome kwa kuwa mimi ndiye niliyebaki katika watoto wa mama yetu, na pia kwa kuwa wengine walioombwa walikataa. Walisema habari za Mzee Dena haziwezi kusomwa bila kuitaja ile kura, na kura ile hakuna anayetaka kuitaja msibani. Mimi nitaitaja. Nimechoka kuizunguka.

Marehemu alizaliwa hapa Kakuyuni mwaka 1931, mwaka wa nzige, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Gona Lewa na Bi. Kadzo. Kitambulisho chake kilisema alizaliwa tarehe mosi Januari, kama vitambulisho vya nusu ya wazee walioketi hapa mbele. Siku yenyewe mama aliikumbuka kwa mahindi tu, kwamba yalikuwa yameanza kubeba, kisha nzige wakashuka. Kaka hakuipenda tarehe ile ya kubandikwa. Alikuwa akisema kwamba mtu asiyeijua siku yake ya kuzaliwa hana budi kuzijua siku nyingine zote, na kweli alizijua, za kwake na za wenzake.

Mwaka 1941 alianza shule ya misheni. Mwalimu wao aliitwa Thuku, mtu wa bara, na kengele ikishalia alikuwa akifunga mlango wa darasa kwa komeo. Asubuhi moja kaka alichelewa kwa sababu mbuzi wa baba alianza kuzaa njiani, naye hakuweza kumwacha. Akakuta mlango umefungwa. Basi alisimama dirishani somo zima, na kila mwalimu alipouliza swali, kaka alijibu kutoka nje. Mwalimu Thuku alilikubali kila jibu kuwa sahihi, na mlango hakuufungua. Hadithi hii kaka aliwasimulia watoto wake kwa fahari, akisema ule ndio ulikuwa uadilifu. Mimi kila nikiisikia nilikuwa nikimwuliza habari za mbuzi. "Alizaa pacha," alikuwa akinijibu, kisha akaendelea kumsifu mwalimu. Aliacha shule mwaka 1948, baba yetu alipofariki.

Mwaka 1949 aliajiriwa karani katika mashamba ya mkonge upande wa Kilifi, akakaa huko miaka mingi. Alirudi nyumbani mwaka 1966 kuwa katibu wa Chama cha Ushirika cha Mwangaza, kilichokuwa kikinunua korosho na nazi zetu. Kitu cha kwanza alichokileta ofisini kilikuwa saa ya ukutani. Kabla ya hapo ofisi ilifunguliwa karani akishaamka na kufungwa akishaona njaa. Baada ya hapo, ukifika na gunia lako la korosho mlango umefungwa, ulirudi nalo kichwani, hata kama wewe ni dada yake. Mara mbili nilirudi nalo. Lakini niseme pia kwamba katika miaka yote aliyokaa pale hakuna mkulima aliyepunjwa kwenye mizani, na vyama vingine vya jirani haviwezi kusema hivyo.

Tarehe 17 Desemba 1955 alifunga ndoa na Bi. Monicah, binti wa Mzee Kavumbi wa Mnarani. Bibi harusi alikuwa ng'ambo ya pili ya kivuko cha Kilifi, na siku ile kivuko kilifanya ukaidi wake. Mchungaji wa wakati ule alisubiri mpaka pilau ikapoa, akasema ndoa iahirishwe hadi wiki ijayo. Kaka alimwambia, "Baba mchungaji, wewe nenda ukapumzike. Mimi namngoja." Akasimama gatini na suti yake ya kuazima juani, na watu wa bibi harusi walipovuka alasiri walimkuta amelowa jasho kama aliyeogelea. Wifi yangu Monicah amekuwa akimtania kwa jambo hili maisha yote, kwamba ni yeye peke yake aliyewahi kungojwa na Dena Gona. Mungu aliwajalia watoto wanne: Gona, mwenye jina la babu yake, kisha Mapenzi, Lewa na Kadzo.

Sasa kura.

Wanachama wengi wa Mwangaza walikuwa mbali kwa ajili ya kazi, wengine bandarini Mombasa, wengine Taveta kwenye mkonge, wengine mahotelini Bofa. Chama kikiwa na jambo la kuamua, wao waliandika Ndiyo au Hapana kwenye karatasi, wakaifunga katika bahasha, na bahasha ikaja kama barua zetu zote zijavyo, kwa mkono wa utingo wa basi. Ukimpa utingo barua Mombasa asubuhi, jioni iko Kakuyuni. Imekunjika na inanuka dizeli, lakini imefika. Mwaka 1983, katika kuchagua viongozi, zilifika na nyongeza. Kuna mzee aliyekuwa amezikwa mwaka mzima naye alipiga kura, tena kwa mwandiko mzuri kuliko aliokuwa nao hai. Watu wakashikana mashati mbele ya ofisi.

Ndipo kaka alipoandika kanuni. Kura ya aliye mbali ipite posta, iwe na stempu na muhuri, na iwe imefika ofisini kabla ya saa sita mchana siku ya kura. Isiyofika haihesabiwi. Tulimpigia makofi. Nasema tulimpigia, ingawa sisi wanawake hatukuwa wanachama. Hisa zilikuwa kwa majina ya waume zetu, na ukitaka neno lako lisikike chamani ilikupasa umpe mume alibebe.

Mwaka 1985, baada ya njaa, chama kilikuwa kimelemewa na madeni, na akatokea mfanyabiashara wa mjini aliyetaka kununua kiwanja cha chama kando ya barabara. Kiwanja kile ndicho chenye kisima. Wanaume waliokuwa nyumbani wengi walitaka kiuzwe wagawane. Maji si wao wanaoteka. Sisi tuliokuwa na waume mbali tulihangaika kuwapelekea habari waandike Hapana. Mimi nilikwenda Bofa mwenyewe kwa mume wangu Kalama, ambaye wakati ule alikuwa mpishi wa hoteli. Nilimkuta nyuma ya jiko akimenya vitunguu.

"Nishaandika," aliniambia. "Na stempu nishabandika. Lakini mke wangu, si uichukue mwenyewe? Jioni hii itakuwa mezani kwa kaka yako."

"Kaka yangu wamjua," nikamwambia. "Ataniambia nirudi nayo Bofa nikaitie posta."

"Aka. Kutoka hapa hata huvuki kivuko."

"Itie posta, Kalama."

Akaitia, wiki mbili kabla ya siku ya kura. Baadaye tuliambiwa kwamba barua ya Bofa kuja kwetu, badala ya kupanda kaskazini, iliteremka kwanza Mombasa kupangwa pamoja na nyingine, kisha ikarudi. Kwa hiyo barua ya mume wangu, ambayo haikuwa na haja ya kuvuka maji hata kidogo, ilivuka Mnarani ikienda na ikatakiwa kuvuka tena ikirudi. Ilikuwa masika. Barabara zilikuwa matope, na kivuko kikasimama. Wengine walisema injini, wengine walisema mkondo. Mifuko ya barua ikabaki ng'ambo ile.

Jumamosi tarehe 18 Mei, kaka alikaa mezani chini ya saa yake. Bwana Kiponda mwenye duka, ambaye yuko hapa na atanisahihisha nikikosea, ndiye aliyekuwa naye kuhesabu.

"Dena, tungoje mpaka jioni," Bwana Kiponda alimwambia. "Kura za watu ziko Mnarani, madereva wamesema. Watu wenyewe hawana kosa."

"Najua hawana kosa," kaka akasema.

"Basi?"

"Basi saa yasema nini?"

Saa ilisema sita. Wakahesabu zilizokuwepo, na kisima kikauzwa kwa tofauti ya kura sita.

Jumanne mfuko ukafika. Zilikuwa bahasha thelathini na kitu, na muhuri wa kila moja ulionyesha zilitiwa posta mapema. Tukaenda wanawake peke yetu, tukajaa mlangoni. Nilimwambia, "Kaka, zifungue."

"Kura imekwisha, Dama."

"Muhuri huu hapa. Zilitumwa kwa wakati."

"Kanuni yasema kufika. Haisemi kutumwa."

"Kanuni uliiandika wewe!"

"Ndiyo maana siwezi kuwa wa kwanza kuivunja. Nikifungua hizi leo, mwaka ujao atakuja mtu na mfuko wake, na yule maiti atapiga kura tena. Nitamwambia nini?"

"Mwambie barua zetu zilikwama Mnarani."

"Na yeye ataniambia zake zilikwama Mnarani," akasema kaka.

Maneno yale nimeyageuza-geuza mpaka leo. Hilo ndilo lililonichosha zaidi ya ndoo za maji ya mtoni. Angekuwa mwizi tungemtukana tukapoa. Lakini kaka mwenyewe aliweka Hapana sandukuni, hakulificha, na mkewe alikuwa akiteka maji pale pale. Alizirudisha bahasha zile kwa wenyewe, nyumba kwa nyumba, zikiwa zimefungwa kama zilivyokuja. Ya Kalama niliwashia moto. Kila mtu Kakuyuni alijua zingefunguliwa kisima kingebaki chetu. Mnunuzi alikizungushia uzio, akaweka mlinzi, na mpaka leo hajajenga hata kibanda. Sisi tukawa wa kwenda mtoni.

Katika zile bahasha moja ilikuwa ya mwanawe mkubwa, Gona, aliyekuwa na hisa yake na kazi bandarini. Mwisho wa mwezi Gona alikuja nyumbani. Sisi tulikuwa uani na wifi Monicah tukipepeta mchele, tukawasikia wakizungumza ukumbini, wala hawakupandisha sauti.

"Baba, barua yangu uliiona?"

"Niliiona."

"Uliujua mwandiko?"

"Mwanangu, nakosaje kuujua? Mimi ndiye niliyekushika mkono ukaandika herufi ya kwanza."

"Na ukaiacha."

"Ilichelewa."

"Mimi sikuchelewa," Gona akasema. "Kivuko ndicho kilichochelewa. Mama atakwenda mtoni, na mimi sikuchelewa."

Gona alikunywa chai aliyopewa na mamake, akaondoka na basi la alasiri. Miaka mitatu hakukanyaga tena nyumba hii. Kwa mamake alikuwa akileta salamu na vitu kupitia matingo. Kwa babake hakuleta neno, na kaka naye hakuuliza. Ndivyo walivyokuwa, mmoja mkaidi na wa pili mwanawe.

Kuna jambo moja la miaka hiyo ambalo mliliona na wengine mlilicheka. Kaka alinunua madumu, akayafunga kwenye baiskeli yake, na kila Jumamosi baada ya kufunga ofisi akaenda mtoni kuteka maji kama mwanamke. Aliyapeleka kwenye nyumba ambazo bahasha zake zilichelewa. Zilikuwa nyingi, na kila Jumamosi alifika chache, kisha zamu ikazunguka. Vijana walimwita Bwana Saa Sita. Mara ya kwanza alipoleta kwangu sikumwitikia hodi. Alipoondoka nikayamwaga maji yale kwa mbuzi. Mara ya pili nikayatumia, kwa kuwa nilikuwa na nguo za watoto, na mgongo ulikuwa umenichoka kuliko hasira. Hakuwahi kusema kwa nini anayaleta. Aliteremsha madumu, akauliza watoto hawajambo, akaenda zake. Umri wake haukuwa wa kazi ile, nami nilimwambia.

Mwaka 1987 miguu yake ilianza kuvimba, na pumzi ikawa inamkatikia njiani. Daktari akasema ni moyo. Mwezi Julai mwaka huu aliacha kazi ya ukatibu, na mwezi huu wa Oktoba tukamlaza hospitalini Malindi. Mimi na wifi tulipokezana kumwuguza, na mume wangu Kalama, ambaye kwa miaka ile yote hakupenda kumsikia, alimpikia uji akamletea.

Jumapili iliyopita, kanisa lilipotoka, kaka aliniambia, "Mwandikie Gona. Mwambie nataka kumwona."

Nikaandika palepale kitandani pake. Nilipokunja karatasi nikamwuliza kama ana stempu, kwa maana yeye siku zote alikuwa nazo mfukoni.

"Usiitie posta," akasema. "Mpe utingo wa basi."

"Kwa mkono?"

"Kwa mkono, Dama. Posta haitafika."

Nilimtazama. Naye aliangalia ukuta. Tangu ile Jumanne sikupata kusikia kutoka kwake neno lililofanana na kujuta, na sijui kama lile lilikuwa lenyewe. Lakini mimi nililipokea kama lenyewe, nikatoka na barua yangu nikashindwa kuona njia vizuri. Nilimpa utingo wa basi la mchana. Kumbe Gona alikuwa amehamishiwa Voi tangu Agosti, na barua ikabidi itafutiwe mtu wa kwenda Voi.

Mzee Dena Gona Lewa aliaga dunia asubuhi ya Jumanne tarehe 18 Oktoba 1988. Neno lake la mwisho kwa mkewe lilikuwa swali, kama basi la Mombasa limekwisha kuingia. Lilikuwa halijaingia.

Hapa ndipo karatasi mliyo nayo mikononi ilipofikia ilipopigwa chapa. Haya yanayofuata nimeyaandika kwa kalamu asubuhi ya leo, mtanisamehe hamnayo.

Barua ilimfikia Gona Alhamisi, na habari ya msiba ikamfikia siku hiyo hiyo nyuma yake. Ameondoka Voi jana. Asubuhi Bwana Kiponda amepokea simu dukani kutoka Kilifi, kwa abiria aliyevuka safari ya mwisho. Kivuko kimesimama tangu jana jioni. Mkondo ni mkali na mashua zimekatazwa kuvusha watu. Gona yuko Mnarani. Amesimama gatini na mfuko wake, anatazama huku.

Mnajua desturi ya nyumba yetu, kwamba kaburi halifunikwi kabla mwana wa kwanza hajatia mchanga. Mnajua pia kwamba ratiba iliyopigwa chapa inasema maziko ni saa sita. Wazee wawili wamenifuata kuniambia, kwa heshima, kwamba marehemu mwenyewe asingengoja, kwamba kumngoja mtu siku ya kumzika Dena Gona ni kama kumfanyia mzaha. Lewa ni mtoto wa kiume pia, wamesema, atatia mchanga yeye. Nimewasikia. Ndiyo sababu Mchungaji ameniomba nisome polepole, na nimesoma polepole kadiri ya nguvu zangu.

Marehemu ameacha mjane, Bi. Monicah, watoto, Mapenzi, Lewa na Kadzo, ambao wako hapa, wajukuu saba, mimi dada yake, na shemeji yake Kalama. Ameacha pia mwanawe mkubwa, Gona, ambaye amechelewa bila kosa lake.

Kaka, saa yako tumeileta kutoka ofisini, iko hapa kwenye kiti, na imekwisha kupita saa sita. Tumekaa. Uliwahi kusimama juani kumngoja mtu aliyekwama Mnarani, na mtu huyo ndiye huyu aliyeketi kando yako. Kwa hiyo usiseme hujui kungoja. Kanuni ya leo nimeiandika mimi, na watu hawa wote ni mashahidi: atakayefika, hata akifika kesho, atahesabiwa.

Pumzika, ndugu yangu. Majembe yako chini, na hakuna atakayeyashika mpaka mwanao avuke.